Kiti Kilichotoka Nyumbani

Hotuba ya mwanachama katika hafla ya harambee ya mwaka, mbele ya wana-Magamba waishio Dar es Salaam na wageni wao

   

Kamati iliponiomba nizungumze, nilidhani ningepewa mada kubwa, kama elimu, au maji, au barabara. Mwenyekiti akaniambia, "Zungumza juu ya jambo unalolijua wewe mwenyewe." Nikakaa nikafikiri, nikaona jambo ninalolijua mimi mwenyewe, kwa sababu lilinigharimu fedha na aibu, ni kununua viti. Kwa hiyo leo nazungumza juu ya viti. Viti vya mbao vya kukaa nje, vilivyotengenezwa kwa mkono, na fundi wa Magamba.

Najua baadhi yenu mnacheka. Subirini kidogo.

Nyumba yangu hapa mjini ina kibaraza na kipande kidogo cha uwanja. Kama watu wengi, jioni napenda kukaa nje. Nilinunua seti ya viti dukani, vile vya kusuka kwa plastiki juu ya fremu ya chuma. Vilikuwa vizuri machoni. Masika ya kwanza vilivumilia. Masika ya pili kutu ikaanza kutoka chini ya plastiki, na jua likaikausha ile plastiki ikawa inakatika kama tambi. Mgeni wangu mmoja, mtu mzito wa heshima, alikaa akaenda chini pamoja na kikombe cha chai. Nikanunua seti nyingine. Ni yale yale.

Kisha baba yetu akafariki, nikaenda nyumbani. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Watu wanakaa siku kadhaa. Tulikodi viti vya plastiki na turubai, lakini wazee hawakuvitaka vile viti. Walikwenda kukaa kwenye benchi moja lililo chini ya mwembe, ambalo nililikuta hapo tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Benchi hilo limekaa nje mvua na jua, Novemba mpaka Aprili linanyeshewa, Mei mpaka Oktoba linachomwa. Limegeuka rangi, limekuwa la kijivu kama manyoya ya kanga. Lakini nilipolitikisa kwa mikono miwili, halikucheza. Nikainama chini kuangalia. Hapakuwa na msumari hata mmoja.

Nikauliza nani alilitengeneza. Wakanitajia mzee ambaye amekwisha tangulia mbele ya haki, na wakaniambia kwamba kijana aliyekuwa akimshikia mbao wakati wa kupasua ndiye fundi sasa, karakana yake iko palepale. Nilimjua. Alicheza mpira na kaka yangu mkubwa. Nikaenda, nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Nikamwambia nataka mabenchi mawili, meza moja, na viti viwili vya uvivu, vya kukaa nje, vya mninga, kama lile benchi la mzee.

Ndugu zangu, kuanzia hapo ndipo makosa yangu yanapoanza. Nayataja hadharani kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyeyafanya.

Kosa la kwanza: nilipatana naye bei kama mtu anayenunua mtumba mnadani. Alitaja bei, nikaikata nusu. Akapanda kidogo, nikashikilia. Mwisho akakubali, na mimi nikaondoka nikijiona mjanja. Sikumwuliza hata swali moja kuhusu bei yake ilivyopatikana.

Kosa la pili: nilimpa malipo ya awali madogo sana. Nilisema moyoni, nikimpa nyingi atazila.

Kosa la tatu: nilimwambia nataka mzigo kabla ya Krismasi. Wakati huo ilikuwa Oktoba.

Mzigo ulifika Desemba, juu ya lori la mchele. Ulikuwa mzuri sana. Watu walipita wakauliza nimenunua wapi. Ilipofika Machi, benchi moja likapinda. Mguu mmoja ukawa hewani. Meza ikafunguka katikati, ufa wa kuingiza kidole. Nikapiga simu kwa hasira, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa mbele ya wazee. Na salio lililobaki sikulilipa. Nilikaa nalo miezi tisa, nikijihesabu kwamba nimedhulumiwa.

Nilipokwenda nyumbani mwaka uliofuata nilipita karakana kwake, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta anapiga randa ya mkono. Alikuwa na mashine ya randa ya umeme, ya mkononi, aliyoinunua kwa mtu mwingine. Nikamwuliza iko wapi. Akaendelea kupiga randa kidogo, halafu akasema, "Niliiuza, mdogo wangu. Mwenye mbao alikuwa anadai."

Nikanyamaza. Akaniwekea kigoda nikae. Ndipo akanieleza pole pole, bila kupandisha sauti. Malipo niliyompa hayakutosha kununua hata nusu ya mbao. Kwa hiyo alikopa mbao kwa mwenye duka. Mwenye duka anayekopesha hatoi mbao kavu. Mbao kavu ni za mwenye fedha taslimu. Alipewa mbao zilizopasuliwa wiki chache tu. Yeye alijua ni mbichi. Alitaka kuziweka kivulini mpaka mwaka mwingine, lakini mimi nilitaka Krismasi. Alifanya kazi usiku ili nisikose. Kisha salio lisipokuja, mwenye mbao akaja, naye hakuwa na kingine cha kuuza ila mashine.

Akamaliza hivi: "Lile benchi la marehemu unalolisifia, mbao zake zilikaa darini kwake miaka miwili kabla hajazigusa. Mimi dari ninayo. Miaka miwili ya kusubiri ndiyo sina."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia kuhusu maendeleo. Ujuzi alikuwa nao, na zana alikuwa nazo mpaka nilipomfanya auze. Mti pia tunao. Alichokosa ni uwezo wa kuacha mbao zikae tu, zisilete senti, mpaka zikauke. Na mimi, mteja wake na mtoto wa nyumbani, ndiye niliyemnyima uwezo huo, kisha nikamlaumu kwa ufa.

Nililipa salio siku ileile, na nikaongeza. Nikamwambia alitengeneze upya benchi na meza kwa wakati wake mwenyewe. Alichukua miezi kumi na moja. Vyote viko kibarazani kwangu leo na wengine humu mmevikalia.

Sasa, kwa kuwa nilisoma kwa gharama, naomba niwagawie bure niliyoyasoma. Yeyote anayetaka kuagiza kiti cha nje nyumbani, na ayashike mambo haya.

La kwanza ni mti. Kwetu Katavi tumezungukwa na miombo, na kila mti una tabia yake. Mninga unapendwa kwa sababu kiini chake hakisumbuliwi sana na mchwa wala wadudu watobozi, na kwa sababu ukikauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana msimu ukibadilika. Ndiyo maana unafaa nje. Lakini angalia: ule mti mweupe wa pembeni, ulio karibu na gome, hauna nguvu hizo. Wadudu wanaula wakaugeuza unga. Ukiona ubao wa mninga una ukingo mweupe, ujue ukingo ule haufai kwa mguu wala kwa kalio la benchi. Mkongo nao ni mti mzuri wa nje, mgumu zaidi, na fundi atakutoza kazi zaidi kwa sababu unachosha mkono na kuua makali ya randa. Msindano usiotiwa dawa usiuweke nje kabisa, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

La pili ni ukavu. Ubao wa inchi moja unahitaji miezi kadhaa kivulini, na wa inchi mbili unahitaji zaidi ya hapo. Zipangwe juu ya magogo, zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili hewa ipite. Ncha zake zipakwe rangi zisikauke haraka kuliko katikati, maana hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Na kama huamini neno la mtu, kuna njia rahisi. Mwombe fundi akate kipande kidogo, akipime kwenye mizani ya duka, akiweke juu ya bati wiki moja, akipime tena. Kikiwa kimepungua uzito sana, mbao bado ni mbichi. Mizani haina undugu.

La tatu ni maungio. Msumari ndani ya kiti cha nje ni mgeni wa muda. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kila mwaka msumari unalegea kidogo, unashika kutu, na kutu hiyo inaacha doa jeusi. Fundi anayejua kazi anachonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine kwa patasi, anaviingiza kwa kubana, kisha anatoboa na kupigilia kijiti cha mti mgumu. Ndivyo lilivyotengenezwa lile benchi la chini ya mwembe. Kazi hiyo inachukua siku, na siku hizo ndizo unazozilipia.

La nne ni maji. Kiti cha nje kisiwe na mahali maji yanapotuama. Mbao za kukalia ziachiane nafasi ndogo, na kalio liiname kidogo. Miguu isikae moja kwa moja kwenye udongo, kwa sababu ncha ya mti inanyonya maji kama utambi. Weka jiwe bapa, au pigilia kipande cha tairi chini ya mguu. Vanishi ya kung'aa inapendeza ndani ya nyumba, lakini juani inapasuka na kubanduka. Mafuta ya mbao yanayouzwa kwenye maduka ya rangi yanatosha, ukipaka mara moja kila mwaka kabla ya mvua. Na kiti kikigeuka kijivu, usiogope. Jua limebadilisha rangi ya juu tu.

La tano, na ndilo kubwa, ni mapatano. Chora unachotaka, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, uandike vipimo kwa inchi au sentimita, mkubaliane ni mti gani na unene gani. Kisha gawa malipo mara tatu. Fungu la kwanza litoshe mbao zote na kuzisafirisha mpaka karakana, ili fundi asikope. Fungu la pili ulipe fremu ikisimama, naye akutumie picha kwa simu kabla hajapaka chochote, uone maungio. Fungu la mwisho lilipwe siku mzigo unapopakiwa. Siku hiyohiyo, ndugu zangu. Si mwisho wa mwezi, wala si "nitakuona nikija." Fundi naye aandike kwamba kikipinda ndani ya mwaka mmoja, atakirekebisha. Karatasi hiyo haiharibu undugu. Isipokuwepo ndipo undugu unapoharibika, kama wangu ulivyotaka kuharibika.

La sita ni safari. Kutoka Mpanda mpaka hapa ni mbali. Agiza meza ambayo miguu yake inafunguka kwa boliti, ilale bapa kwenye lori. Funga pembe kwa magunia. Uliza mapema ofisi ya misitu ni karatasi gani zinatakiwa kwa mzigo wako.

Na hapo kwenye karatasi naomba nisimame kidogo, maana hapa kuna jambo la msitu wenyewe.

Mnajua mninga unavyokua? Mche wake mchanga hufa juu karibu kila kiangazi. Moto unapita, ukame unaupiga, unakauka. Chini, mzizi unaendelea kunenepa. Mvua ikirudi, unachipua tena, na kiangazi kijacho unakufa juu tena. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi, mpaka mzizi uwe na nguvu ya kurusha shina moja litakaloshinda moto. Baada ya hapo ndipo unaanza kuhesabu miaka ya kunenepa. Mti unaofaa kupasuliwa mbao umekaa porini miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu tulio humu. Ukiukata, hakuna atakayeurudisha katika maisha yako.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mbao ziwe na kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wenye kugonga nyundo na kutoa hati ya kusafirishia. Mbao zilizopita njia hiyo zina gharama. Mbao zilizokatwa usiku hazina. Kwa hiyo ninapomkatia fundi bei mpaka chini kabisa, ninamwambia nini? Ninamwambia akatafute mbao za usiku. Yeye ndiye atakayekamatwa nazo, na mimi nitakuwa nimekaa kibarazani Dar es Salaam nalalamika juu ya uharibifu wa mazingira. Mteja anayetaka risiti ya mbao anamlinda fundi, na anaulinda msitu. Dai risiti, na uilipie.

Kuna watakaosema, "Haya yote ya nini, si tununue tu dukani?" Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kiti cha dukani kinakugharimu shilingi 60,000 na kinakufaa miaka miwili. Tuseme cha fundi wetu ni shilingi 180,000. Baada ya miaka sita umelipa sawasawa. Kuanzia mwaka wa saba, cha fundi unakikalia bure, na cha dukani unanunua cha nne. Lile benchi la chini ya mwembe ni la tangu utoto wangu, nami nywele zangu mnaziona.

Wengine watasema kwamba kizuri chajiuza. Methali hiyo inamfaa mwenye duka barabarani. Kiti kizuri kilicho Magamba hakiwezi kujiuza kwa mtu aliye Tabata. Lazima mtu akiseme, na mtu huyo ni sisi.

Na tusidhani kazi ya viti ni kazi ndogo kwa watu wa upande wetu. Huko Berlin, Ujerumani, katika makumbusho, kuna kiti cha enzi cha jirani zetu Wanyamwezi, kilichochukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Kimechongwa, kiti na mgongo wake, kutoka gogo moja, na mgongoni kuna umbo la mtu.  Hakuna msumari pale pia.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Katika bajeti ya mwaka huu, kamati imeweka fungu la viti vya kukalia watu wanaosubiri nje pale zahanati, na mabenchi ya kukaa nje shuleni. Mapendekezo ya kwanza yalikuwa tununue viti hapa mjini, tuvisafirishe. Naiheshimu kamati. Nia ni njema. Lakini naomba mkutano huu ubadilishe jambo moja: kazi hiyo wapewe mafundi wa Magamba.

Nasema mafundi, kwa wingi. Fundi wangu mimi asipewe peke yake kwa sababu nimesimama hapa kumsifu. Itangazwe, kila fundi wa kata yetu alete benchi moja la mfano, wazee na mwalimu na mhudumu wa zahanati walikalie, walipindue, waangalie chini. Bei zibandikwe ukutani kila mtu azione. Atakayeshinda ashinde kwa kazi.

Na tusirudie kosa langu la Krismasi. Wengi mnakumbuka mwaka 2016, nchi nzima ilipotakiwa kumaliza upungufu wa madawati kabla ya tarehe 30 Juni. Lilikuwa jambo jema, na watoto waliinuka kutoka sakafuni. Lakini mbao mbichi hazijui tarehe ya mwisho. Zinakauka kwa wakati wake, zikiwa bado gogo, au zikiwa tayari dawati. Sisi hatuna wa kutukimbiza. Tukiamua leo, mbao zinunuliwe kiangazi hiki, zipangwe kivulini, kazi ianze zikiwa tayari.

Ndiyo maana pendekezo langu la pili ni kuanzisha mfuko mdogo wa mbao kavu. Chama kinunue mbao halali, zenye nyundo na risiti, kizipange kwenye banda moja pale nyumbani. Fundi mwenye oda anakuja, anachukua mbao kavu, analipa mteja wake akimlipa. Fedha ikirudi, tunanunua nyingine, nazo zinaanza kukauka. Banda lenyewe halihitaji ukuta; linahitaji paa, magogo ya kulazia, na mtu mmoja mwaminifu mwenye daftari. Fedha za mfuko huu hazitaliwa na riba wala hazitatoa gawio. Zitakaa pale zikiwa mbao, na kila mwezi unaopita mbao hizo zitakuwa bora kuliko mwezi uliopita. Ile miaka miwili ambayo fundi wangu alisema hana, sisi watu 80 au 100 tunaweza kuinunua kwa pamoja.

Vijana wetu wanaotaka kuanza ufundi wasitegemee mfuko huu peke yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: 4, 4 na 2. Kikundi chenye oda mkononi na mbao bandani kinaweza kwenda kuomba kikiwa na jambo la kuonyesha. Na tusisahau barakoa za vumbi. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na wengi wa mafundi wetu wanakohoa wakidhani ni mafua.

Ndugu Mwenyekiti, najua fomu za ahadi zinapita kwenye meza. Mwenye kuahidi ubao mmoja aahidi ubao mmoja. Mwenye kuahidi benchi zima, jina lake halitachongwa juu yake, maana nimeomba mabenchi yale yasiandikwe majina. Mama aliyetoka Kakese au Mwamkulu na mtoto mgonjwa mgongoni hana haja ya kusoma jina la mtu. Ana haja ya mahali pa kukaa pasipotikisika. Na asiyeweza kuahidi fedha leo, aagize kitu. Kigoda, stuli, benchi la kibarazani. Akiagiza, alipe kwa wakati.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu na sikutunza. Nilimwacha mtu wa kwetu akiuza mashine yake. Bado hajaipata nyingine. Nilipomwambia kwamba nitazungumza leo, nikamwuliza niwaambie nini, alifikiri kidogo akasema, "Waambie waje wakalie kwanza, halafu ndiyo wapatane bei."

Lile benchi la chini ya mwembe bado lipo. Mkienda nyumbani, pitieni mkakae. Kisha inameni mtazame chini yake.